Kuhusu Vituo vya Hesabu na Tano ya Duara Iliyozidi

Kichochoro cha nyuma ya soko la mashariki,
Chiayi.
Jumatano, saa nne asubuhi.

Kwa Mwalimu Mkuu Hsiung,
Chekechea ya Kimulimuli.

YAH: OMBI LA KUFUNGWA KWA VITUO VYA MICHEZO YA HESABU KABLA YA SIKU YA WAZAZI, JUMAMOSI HII

Mheshimiwa Mwalimu Mkuu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima pamoja na walimu wako wote. Mimi ni Tu Su-chin, bibi yake Hsiao-man wa darasa la Mwalimu Pei, yule mtoto mwenye nywele zilizokatwa kwa kufuata ukingo wa bakuli, ambaye siku ya kwanza alilia mpaka akatapika na sasa ukimfuata jioni anakataa kutoka. Naandika nikiwa na akili zangu timamu, ingawa mwanangu ameniambia, "Mama, hiyo barua usiipeleke, utatutia aibu." Mwanangu anashinda kiwandani. Hajui yanayotupata huku nyumbani.

Sina ugomvi na elimu. Niliposikia kwamba watoto wenu hawaandiki namba kwenye daftari bali wanazunguka vituo vitano, wakishika vifungo, maharage, mizani na vijiti, nilifurahi na kuwatangazia mtaa mzima kwamba mjukuu wangu anajifunza hesabu kwa kucheza. Sikujua kwamba nyumba yangu ndiyo itakayochezewa. Malalamiko yangu nimeyapa namba, msije mkasema bibi wa watu hajui kuhesabu.

1. Kituo cha Kwanza, kupanga vitu kwa rangi. Wiki ya pili tu ya masomo, Hsiao-man alifungua kabati langu la dawa, akamwaga vidonge vya presha, vya tumbo na vya magoti, akavipanga upya kwa rangi katika vikombe vya chai. Siku tatu nzima nilimeza vya tumbo nikidhani ni vya presha. Tumbo langu halijawahi kutulia namna ile, lakini kichwa kilikuwa kinazunguka kama feni. Nilipomuuliza, alinijibu bila kupepesa jicho, "Bibi, vyeupe vyote ni familia moja."

2. Kituo cha Pili, mizani. Mtoto amejitengenezea mizani kwa henga ya nguo na mifuko miwili ya plastiki, na haendi sokoni bila hiyo henga. Wewe ni mtu wa hapa, unajua kwamba ukinunua mboga muuzaji anakutupia fungu dogo la vitunguu vya majani bila kuombwa. Ile ni heshima tu, haina bei. Hsiao-man aliinua henga yake mbele ya wateja, akaitazama, akamwambia mama muuza mboga, "Upande wetu umezidi. Chukua vitunguu vyako ili tulingane." Na akavirudisha. Mama yule amenipa vitunguu tangu hajaolewa. Sasa ni wiki ya tatu hanipi hata jani. Nasikia anawaambia watu, "Yule bibi siku hizi anatembea na mkaguzi."

3. Kituo cha Tatu, kukisia. Mnawaonyesha chupa ya maharage, wanakisia idadi, kisha wanahesabu kuona kama wamekaribia. Kwa maharage sina neno. Lakini jirani yangu A-hsia alipokuja kuazima sufuria, mtoto alimkazia macho usoni, akasema, "Bibi A-hsia, nakisia una meno kumi na moja. Fungua tuhesabu." Na A-hsia, kwa kuwa hajawahi kumkatalia mtoto kitu, akafungua. Yalikuwa tisa. Hsiao-man akamwambia asihuzunike, kukisia ni kukisia tu.

Hayo matatu ningeyameza, maana mimi si mtu wa makuu. Ni haya yanayofuata ndiyo yaliyonikalisha na kalamu.

4. Kituo cha Nne, makundi sawa. Kila Jumanne na Jumamosi baada ya chakula cha mchana, wanawake wanne tunakaa kwenye meza yangu kucheza mahjong kwa vigae vyangu: mimi, A-hsia niliyemtaja, Pao-lien aliyekuwa fundi cherehani, na Kang Yueh-o. Tunachezea karanga, na anayeshinda haoshi vikombe. Tumekaa hivyo miaka thelathini na moja. Tumezika waume watatu katika muda huo, na kila mara tulirudi mezani kabla ya siku arobaini na tisa za matanga kwisha, kwa sababu mjane anahitaji mahali pa kukaa.

Jumamosi ya wiki iliyopita, tulipopumzika kunywa chai katikati ya mchezo, Hsiao-man aliomba vigae. Akavimwaga sakafuni na kuanza kuvipanga kama mlivyomfundisha, vinavyofanana pamoja, vinne vinne. Sisi tulikuwa tunamsifu. Pao-lien alikuwa anasema, "Huyu atakuwa injinia huyu." Kisha mtoto akainamia mafungu mawili. Akahesabu kwa kidole, akahesabu tena, akasimama na kusema kwa ile sauti mnayowafundisha ya kueleza jibu mbele ya wenzao: "Tano za duara ziko tano. Pepo za kaskazini ziko tatu."

Kama huchezi mahjong, nikueleze. Kigae cha tano ya duara kimechorwa duara tano, na cha upepo wa kaskazini kina herufi moja tu. Ukiacha vile vya maua, kila picha ina vigae vinne, si zaidi wala pungufu. Vyote kwa jumla ni mia moja arobaini na nne, na jumla yetu siku ile ilikuwa sahihi. Maana yake kuna mtu aliyeingiza kigae kimoja cha faida na kuficha kingine kisicho na kazi. Mtu mzima akiona jumla imetimia anaridhika, na ndiyo maana miaka yote sita hakuna aliyeshuku chochote. Simaanishi kwamba ni miaka sita. Nimetoa mfano tu. Ninachosema ni kwamba anayeingia ndani ya makundi na kuchungulia moja moja ni mtoto wa vituo vyenu peke yake.

Mimi nikauliza, kwa upole kabisa, "Jamani, kwani seti ya nani haina tano ya duara?" Sikumtaja mtu. Nilimtazama tu. Wote wanajua kwamba Yueh-o na mimi tulinunua seti zetu siku moja, duka moja, zote mgongo wa kijani, na kwamba seti ya Yueh-o ilipoteza tano ya duara mwaka ule aliokuja nayo kwangu wakati wa Mwaka Mpya. Yueh-o akasema, "Su-chin, kile kilipotea hapahapa kwako. Tulikitafuta mpaka chini ya jiko, umesahau?" Pao-lien akasema, "Kumbe wala hakikupotea." A-hsia akajitia anapuliza chai iliyokwisha poa. Yueh-o akatutazama mmoja mmoja, na mimi akanitazama kuliko wengine. Kisha akakusanya vikombe, akaviosha vyote, ingawa mchezo ulikuwa haujaisha na haijulikani nani angeviosha. Akavaa viatu vyake akaenda, na tangu siku hiyo hajakanyaga.

Jumapili hii anahamia Taoyuan kwa mwanawe, na safari hii ni ya moja kwa moja. Sokoni wameshaanza kumwita Bibi Tano ya Duara. Mwanamke wa miaka sabini na sita anaondoka mji aliozaliwa akiwa na jina la mwizi, na chanzo chake, Mwalimu Mkuu, ni kituo chenu cha nne. Laiti Hsiao-man angefundishwa nyimbo, Yueh-o angeagwa kwa chakula na machozi ya kawaida.

5. Kituo cha Tano, chati. Mwalimu Pei aliwaambia watoto walete kutoka nyumbani kitu chenye hesabu ndani yake. Wenzake walileta vifuniko vya chupa na kokwa za matunda. Wangu alikuja na ile tano ya duara. Nimekiona kigae hicho kwa macho yangu nilipokuja kumchukua juzi, kimewekwa kwenye kisahani na karatasi imeandikwa, "Kigae Kilichozidi. Mtafiti: Hsiao-man." Juu yake ukutani kuna chati. Amechora wanawake wanne wazee (mimi amenipa kidevu kisicho changu), na juu ya kila mmoja amebandika ganda la karanga kwa kila mchezo alioshinda tangu mwezi wa tisa. Pao-lien ana matatu. A-hsia ana mawili. Yueh-o ana moja. Mimi ninayo kumi na saba, yamepanda mpaka yakafika kwenye saa ya ukutani.

Sioni mtoto wa miaka mitano anafaidika nini na picha kama hiyo. Baba mmoja alisimama karibu yangu, akaitazama, akasema, "Ajabu. Mwizi ndiye mwenye ganda moja." Hayo ndiyo mawazo ambayo chati huwatia watu wasiohusika na jambo. Na Jumamosi, kwa mujibu wa tangazo lenu, kila mtoto atasimama mbele ya wazazi kueleza chati yake.

6. Na kana kwamba hayo hayatoshi, jana mtoto amenijia na kalamu ya rangi, akaniuliza kwa adabu zake zote, "Bibi, siku za mahjong nani huvaa mikono mirefu? Nataka kuongeza safu." Nikamwambia akalale. Akasema, "Wengine huvaa mifupi kwa sababu ya joto. Wewe huvaa sweta. Nitaandika moja." Mwalimu Mkuu, nina baridi yabisi. Daktari hajaiona, lakini mimi mwenye mwili naisikia.

Kwa sababu hizo zote, na kwa ajili ya kumlinda rafiki yangu Yueh-o asidhalilishwe zaidi mbele ya mji mzima, naomba vituo vyote vitano vifungwe kuanzia kesho asubuhi, chati ya Hsiao-man ishushwe, na yeye Jumamosi apewe kazi nyingine. Anaweza kuimba, au awe mti. Kigae nirudishiwe mimi mwenyewe, ndani ya bahasha iliyofungwa, kisipitie mikononi mwa mtoto. Ikiwa kufunga vituo kutaacha nafasi kwenye ratiba, nashauri muda huo uongezwe kwenye usingizi wa mchana. Niko tayari kushona mito ishirini na minne kwa gharama zangu. Watoto wakilala hakuna atakayekuwa anahesabu kitu.

Nisalimie Mwalimu Pei, na umwambie sina kinyongo naye, ni kijana, amefuata alichofundishwa. Msalimie mpishi, wali wake wa bata mzinga mjukuu wangu anausifu kunishinda mimi. Msalimie na mzee wa getini, mguu wake upone haraka.

Ni mimi, mpenda amani ya mtaa na mtetezi wa wasioweza kujitetea,

Tu Su-chin

Nyongeza, Alhamisi mchana.

Barua hii sikuituma jana kwa kukosa gundi ya bahasha, na leo asubuhi Yueh-o amekuja. Nilidhani amekuja kunitukana, nikajiandaa. Alikuwa amebeba seti yake ya vigae, ameifunga kwenye kitambaa. Hakuingia ndani. Akasema pale mlangoni, "Kule kwa mwanangu sina wa kucheza naye. Mpe Hsiao-man aipeleke shule. Haijatimia, lakini yeye atajua la kuifanya." Kisha akaniuliza magoti yangu yanaendeleaje. Nikamwambia hayajambo. Akaenda.

Nimekaa nayo jikoni tangu saa tatu, mchuzi umeungua na sijainuka.

Kile kigae nilikiona mimi, Mwalimu Mkuu, siku ya nne baada ya Mwaka Mpya ule, nilipokuwa nafagia nyuma ya kabati la vyombo. Nilikusudia kumrudishia. Jumanne iliyofuata nilikuwa nacho kwenye mkono wa sweta nimkabidhi, na mchezo ukafika mahali ambapo nilikosa tano ya duara moja tu nishinde. Mkono ulifanya kabla ya kichwa. Baada ya hapo, kila Jumanne ikawa ngumu kusema kuliko Jumanne iliyopita, na miaka ikaenda. Jumamosi ile mtoto aliomba vigae kabla sijapata nafasi ya kukitoa na kurudisha kingine. Upepo wa kaskazini wa nne bado uko ndani ya pindo la sweta langu hapa ninapoandika, unanikwaruza kifundo cha mkono.

Kwa hiyo futeni maombi yangu yote. Vituo viendelee. Chati ibaki ilipo, na safu ya mikono mirefu mwacheni aiongeze. Kigae msinipe mimi. Mpeni Hsiao-man, akirudishe yeye kwenye seti ya mwenyewe, mbele ya watu. Yueh-o nitamleta Jumamosi hata ikibidi nimvute kwa mkono, na Pao-lien na A-hsia watakuja, na yule mama wa mboga nitamwita pia maana yeye ndiye redio ya soko.

Ninachoomba sasa ni dakika mbili za kusimama kabla ya zamu ya mtoto. Nataka Yueh-o alisikie jibu kwangu kwanza. Hsiao-man akishaanza kueleza jibu lake, hamwachii mtu nafasi ya kusema.

T. S.