Mzinga Kichwa Chini

Jumatatu, 3 Machi
Mama mkwe ametangaza: kabati la vitabu la marehemu baba mkwe atapewa mkwe anayejua vitabu. Tuko wawili tu, mimi na mwanyumba wangu, mume wa dada yake mke wangu. Jumapili kila mmoja alete kitabu cha toleo la kwanza, na mzee fulani, fundi wa kujalidi vitabu, ataamua. Mwanyumba akauliza eti chapa ya ngapi. Anajitia msomi! Nalitaka lile kabati mpaka usingizi hauji.

Jumanne, 4 Machi
Nimepata! Sokoni, chini ya rundo la magazeti. Kitabu cha ufugaji nyuki, "Toleo la kwanza", bila chapa nyingine kutajwa. Muuzaji akanieleza kuwa maandishi yakibadilishwa ndipo huwa toleo jipya. Chapa ni kila mara mtambo unapotoa tena yale yale. Kwa hiyo hata chapa ya saba yaweza kuwa toleo la kwanza. Nikatikisa kichwa kama mjuzi.

Alhamisi, 6 Machi
Balaa. Ukurasa wa 52, picha ya mzinga imechapwa kichwa chini miguu juu. Mama mkwe atadhani nimeokota jalalani. Mke wangu akasema nikiache kitabu kama kilivyo. Nilishashika wembe. Nimekata picha, nimeigeuza, nimeibandika. Maandishi ya nyuma yake sasa yamepinduka, lakini nani husoma kuhusu minyoo ya nta?

Jumapili, 9 Machi
Sina hamu. Mwanyumba alileta kijitabu cha ushonaji, chapa ya kwanza, kikavu tu. Changu mzee alikipokea kwa mikono miwili. Akasema amekitafuta miaka ishirini: chapa ya kwanza hutambulika kwa mzinga uliopinduka, maana kwenye ya pili walirekebisha. Akafungua ukurasa wa 52. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akauliza nani kafanya hivi. Nikasema nilikikuta hivyo. Gundi ikamnata kidoleni. Kabati kapewa mwanyumba. Aibu niliyoiona, masikio yaliwaka moto.

Jumatatu, 10 Machi
Mama mkwe kanihurumia. Nikileta nakala nzima ya chapa ya kwanza kabla ya mwisho wa mwezi, atafikiria upya. Muuzaji anayo moja, chapa ya pili, mzinga umesimama wima. Kazi ndogo! Mke wangu kaficha nyembe zote. Nikaenda kumweleza mwanyumba mpango wangu, akaniazima wembe wake papo hapo, tena mpya. Kumbe ana moyo mzuri, nilimdhania vibaya bure.