Vita vya Fulana Namba Kumi na Tano

Jumatano, 6 Novemba

Nimeingia foleni! Mimi, Wálter Quiroga, fundi funguo, miaka arobaini na saba, nimekaa kwenye kiti cha kukunja nje ya ukumbi hapa mtaa wa Barracas. Bendi yetu, Los Faroles, wanaaga jukwaa. Wametoa fulana mia tatu tu, kila moja ina namba yake. Zinauzwa Jumanne, kila mtu moja, kwa mpangilio wa foleni: namba yako ya foleni ndiyo namba ya fulana yako. Daftari analo Mwalimu Nélida, mstaafu, namba moja. Anaita majina mara tatu kwa siku na lazima uitikie mwenyewe, kwa mdomo wako. Haki tupu.

Nimepata namba 16. Hapo ndipo balaa lilipo. Jumatano ijayo binti yangu Jazmín anatimiza miaka kumi na tano, na kwetu hiyo ndiyo sherehe kubwa ya msichana. Kumi na tano, si kumi na sita! Namba 15 anayo Rulo, muuza nyama wa mtaani kwetu, mtu asiyejua hata ubeti mmoja wa wimbo.

Jazmín anakaa na mama yake. Mwaka jana nilimwahidi gitaa, nikaenda na maelezo. Leo kwenye simu kaniambia nije na fulana, au nije mikono mitupu, ila hadithi zangu hataki tena. Imeniuma sana. Rulo lazima aondoke.

Alhamisi, 7 Novemba

Mpango wa yerba. Nimemkaribisha Rulo yerba, chai yetu chungu ya kunywa kibuyuni kwa mrija, tangu asubuhi, kibuyu juu ya kibuyu, ili kwenye kuitwa majina awe chooni. Nilisahau jambo moja. Mwenye kumimina naye hunywa, zamu kwa zamu, mrija huohuo. Siwezi kumpa mtu yerba nikamtazama tu, nitaonekana nimelelewa porini.

Vibuyu ishirini na viwili. Rulo hana kibofu, ana pipa! Jina langu liliitwa nikiwa nimejifungia choo cha kituo cha mafuta. Niliitikia "Nipo!" kupitia dirisha. Foleni nzima ilicheka. Mwalimu Nélida akasema leo ananisamehe, na kwamba miaka thelathini na moja darasani alipata mwanafunzi kama mimi kila mwaka. Sijui alimaanisha mwerevu au nini.

Ijumaa, 8 Novemba

Akili imefunguka! Jumapili ni mechi ya watani wa jadi. Rulo hajakosa mechi tangu abatizwe. Basi nikasimama juu ya kiti nikahutubia kuhusu haki. Nikasema huruma ndiyo mwanzo wa upendeleo. Nikapendekeza atakayekosa kuitikia, hata mara moja, aende mkiani, bila kusikilizwa. Na majina ya jioni yaitwe saa kumi na moja na nusu, Jumapili pia.

Wakapiga makofi! Mwalimu Nélida akaniuliza, una hakika, mwanangu? Nikamwambia nina hakika kuliko jana. Akaandika kwa wino mwekundu. Nimelala vizuri.

Jumapili, 10 Novemba

Sitaki kuandika.

Nitaandika. Saa kumi na moja Rulo hakuwepo kitini. Moyo ukaruka kwa furaha. Nikaenda mpaka duka la piza la kona, kuhakikisha tu kwamba yumo. Hakuwemo. Ila televisheni ilikuwemo, na ilikuwa moja kwa moja, dakika ya themanini na nane. Binadamu gani angegeuka? Kisha muda wa nyongeza. Kisha penalti! Nimekumbatiana na watu nisiowajua. Tumeshinda! Nimelia.

Nimerudi naimba. Rulo amekaa kitini kwake, redio mapajani, foleni yote imemzunguka. Alikuwa ameenda kununua betri. Wamesikiliza mwisho wa mechi hapohapo na kuitikia wote, mia tatu na arobaini, kasoro mmoja.

Nikamwomba Mwalimu anihurumie. Akanisomea maneno yangu mwenyewe, yale mekundu, polepole, kama imla. Kisha akanipa karatasi mpya. Namba 340.

Rulo akaniuliza nilikuwa nataka nini hasa. Nikamweleza habari ya Jazmín. Akashika kichwa. Akasema, si ungeniambia tu, ndugu yangu? Tungebadilishana siku ileile, mimi namba yoyote sawa.

Jumatatu, 11 Novemba

Mkiani. Mvua. Huku hatuna hata ukuta wa kuegemea. Ningeweza kwenda nyumbani, lakini naenda nyumbani kufanya nini? Nimeitikia mara tatu. Kila mara Mwalimu amekuja na mwavuli wake mpaka huku, akaweka alama ya vema kwenye karatasi yangu. Watu wengi wamekata tamaa wakaondoka. Bado natumaini.

Jumanne, 12 Novemba

Nimeitikia tena asubuhi. Vema ya nne. Fulana ya mwisho amechukua kijana wa tatu mbele yangu. Watatu tu!

Nimemkimbilia Rulo kumwomba yake. Ameshaivaa, na chimichurri, ule mchuzi wa mafuta na majani wa mkate wa soseji, imemmwagikia kifuani, juu ya ile 5 ya 15.

Jumatano, 13 Novemba

Nimeenda kwenye sherehe mikono mitupu. Njiani nilikuwa nimeandaa hadithi ya wezi, nzuri sana, yenye pikipiki mbili. Jazmín alikuwa amesimama mlangoni na gauni lake jeupe. Nikashindwa. Nikamtolea ile karatasi ya namba 340, iliyolowa na kukauka, nikamweleza ilikotoka.

Akaisoma. Akaniuliza kama kweli nilikaa mkiani, kwenye mvua, siku mbili, bila ujanja wowote. Nikasema ndiyo. Akauliza mara ya pili. Kisha akanishika shingoni, akanililia begani, akasema hii hamuuzii mtu hata kwa fulana kumi. Ameibandika kwenye kioo chake, karatasi yenye vema nne. Tumecheza pamoja walzi, dansi ya kwanza ya baba na binti. Nimemkanyaga mara mbili tu.

Nimerudi nyumbani na furaha, nikakaa kufikiri kwa utulivu. Fulana, watu wanatoka nazo mvuani bila shukrani. Karatasi, mtu analia! Kesho asubuhi kwa mpiga chapa. Karatasi mia tatu za foleni, vema nne kila moja, wino mwekundu, nitazilowesha mwenyewe kwenye beseni. Toleo maalumu, la kuuza. Ya kwanza nitampelekea Mwalimu Nélida aniwekee sahihi, nina hakika atafurahi.