Mashine Iliyomwogopa Nzeyimana

Katika Kigali nzima, mtu aliyewahi kuitisha kompyuta mpaka ikanywea ni mmoja tu: Nzeyimana wa stoo ya spea za magari, Gatsata. Hakuna aliyemsingizia. Alilisema mwenyewe, hadharani, akiwa ameegemea jembe la umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa.

Kwa miaka kumi na sita Nzeyimana alikuwa msaidizi wa mkuu wa stoo. Boliti aliijua kwa kuipapasa gizani, na mkanda wa feni aliujua umri wake kwa kuunusa. Mkuu wake alipostaafu, Nzeyimana aliwahi kukalia kile kiti kabla hakijapoa.

Lakini bosi wao, Gasana, alikuwa mtu wa vyeti. Aliwaita ofisini Nzeyimana na Kaliza, binti wa miaka ishirini na minne ambaye hata vumbi la stoo lilikuwa halijamzoea.

"Nafasi ni moja, nanyi mko wawili," alisema Gasana. "Kuna chuo cha jioni Kicukiro kinafundisha usimamizi wa stoo. Fanyeni mtihani wa kuingia. Mwenye kupita, funguo ni zake. Mkipita wote, natazama alama."

Nzeyimana alimtazama Kaliza kwa huruma, kama simba dume anavyomtazama sungura aliyekosea njia.

Jioni hiyo alikwenda kwa shemeji yake Conrad, ambaye aliwahi kuufanya mtihani huohuo zamani, akarudi na boksi la karatasi za mitihani ya miaka iliyopita. Zilikuwa arobaini na moja, zimeliwa na panya pembeni tu. Hakuuliza kwa nini Conrad aliufanya mtihani huo mara tatu.

"Papa Alida," Kaliza alimwambia kazini kwa adabu, "sasa hivi mtihani uko kwenye kompyuta. Nimeomba ruhusa tufanye mazoezi kwenye hii ya ofisi. Njoo tukae wote."

"Mwanangu, swali ni swali," alijibu Nzeyimana. "Ugali uuweke kwenye sahani, uuweke kwenye jani la mgomba, tumboni unafika ugali."

Kaliza akafungua kompyuta peke yake.

Kila Jumapili baada ya misa, sebule ya Nzeyimana ilifungwa kama baraza la mawaziri. Mwenyewe alivaa koti na tai. Mezani palikuwa na penseli tano zilizochongwa, kifutio na rula. Mkewe, Pudentienne, alipewa saa ya mezani na cheo cha msimamizi, kazi yake ikiwa kutembea nyuma ya kiti taratibu, mikono mgongoni.

"Msimamizi, naomba ruhusa kwenda msalani," Nzeyimana alisema siku moja, mkono juu.

"Nenda, mume wangu. Nyumba ni yako."

"Mama Alida, msimamizi hasemi hivyo."

"Basi baki. Msimamizi ana maharage jikoni."

Kutoka katika zile karatasi arobaini na moja alichota hekima nzito. Aligundua kwamba swali gumu halishindwi kwa kupigana nalo. Unaliwekea jibu lolote kushikilia nafasi, kama mtu anavyoacha kofia kwenye kiti harusini, kisha unarudi baadaye na akili zako zote. Aligundua pia kwamba maswali hupanda kama njia ya Gatsata yenyewe: ya mwanzo ni tambarare, ya mwisho ni mlima. Kwa hiyo mtu akifika mwisho na kuona pepesi, huyo si mwanafunzi tena, ni profesa.

Siku ya mtihani alishuka kwenye pikipiki akiwa na tai, na penseli tano kwenye mfuko wa koti kama nishani za jenerali. Mlangoni zikachukuliwa zote. Rula nayo ikaenda. Akaingia chumbani mikono mitupu, kama padri aliyevuliwa joho dakika moja kabla ya misa.

Wakamketisha mbele ya kioo cha kompyuta, Kaliza akiwa kiti cha pili. Swali la kwanza likatokea: spea zimepungua kwa asilimia fulani, zilizobaki ni ngapi. Si gumu sana, lakini Nzeyimana hakuwa mtu wa kuvamia swali kabla hajakagua mtihani wote. Akanyoosha mkono kumwita msimamizi.

"Mwalimu, ukurasa wa pili uko wapi?"

"Utakuja, muzee. Jibu huo kwanza."

"Nataka kuuona tu. Siugusi."

"Hauonekani mpaka ujibu."

Basi akashika ile mausi kama anayesaga karanga, akaweka kofia kitini: akabonyeza jibu D. Likaja la pili. Akaweka kofia. La tatu, kofia. Alipofika la tisa akaona sasa ametulia, arudi kuokota kofia zake. Akatafuta mshale wa kurudi. Juu hakuna, chini hakuna.

"Mwalimu, narudi vipi nyuma?"

"Hakuna kurudi, muzee. Ni sens unique, njia ya kwenda tu."

Jasho likamtiririka mpaka kwenye tai. Lakini hapohapo ndipo muujiza ulipoanza. Lile la kumi lilikuwa jepesi. La kumi na mbili lilikuwa jepesi zaidi. La ishirini angeweza kulijibu mwanawe Alida, aliyekuwa darasa la nne! Nzeyimana akaegemea kiti, akavuta pumzi ya mshindi. Kuanzia hapo aliyapita maswali mbio, akisoma nusu ya kila moja, kama mtu anayeijua rozari yake.

Kiti cha pili, Kaliza alikuwa anajishika kichwa. Mtihani ulipokwisha alitoka nje akifuta machozi.

"Yalikuwa yanazidi kuwa magumu," alisema. "Kila nikijibu moja, linalofuata ni baya zaidi. La mwisho nimelijibu bila hata uhakika."

"Disi, maskini wee, usilie," Nzeyimana alimwambia, akimshika bega. "Mwakani nitakufundisha mwenyewe. Mimi mashine imeniona, ikashusha sauti. Hata mashine ina adabu kwa mtu mzima."

Jumamosi ilikuwa umuganda. Wakati majirani wanazibua mtaro, Nzeyimana alizibua habari.

"Mashine ilianza kwa kiburi," alisema, jembe likiwa limepumzika. "Asilimia, sijui mizania. Nikaikazia macho. Ikaanza kurudi nyuma! Mpaka swali la mwisho, mnajua iliniuliza nini? Ndoo ina machungwa matatu, ukiongeza mawili yanakuwa mangapi."

Majirani wakacheka mpaka mtaro ukasimama.

"Matano!" akaitikia Générose, jirani wa ukuta mmoja. "Na mimi nipelekeni chuo."

Nzeyimana alitabasamu tu, kama mtu anayewaonea huruma wasiosoma.

Jumatatu kazini, simu zikalia kwa pamoja. Ya Kaliza ilisema amekubaliwa, alama themanini na tisa. Ya Nzeyimana ilisema hakukubaliwa, na alama zake zilikuwa chache kiasi kwamba ungezihesabu kwa vidole vya mkono mmoja ukabakiwa na kidole cha kujikunia.

"Bosi, wamebadilisha majina yetu," alisema Nzeyimana. "Uliza. Huyu alitoka analia, mimi nilitoka napiga mluzi."

Gasana, ambaye hakupenda mfanyakazi wake aonewe, akapiga simu chuoni na kuiweka kwenye spika.

"Ofisi ya mitihani, Mukunde anaongea."

"Dada, mashine yenu iko mgonjwa," alisema Gasana. "Mtu wangu amepata maswali mepesi kuliko wote, nyinyi mnamwandikia ameanguka."

Mukunde akaomba namba ya mtahiniwa. Ikasikika sauti ya vidole kwenye kompyuta, kisha kikohozi cha mtu anayezuia kitu kingine.

"Muzee mwenyewe yuko karibu?"

"Niko hapa," alisema Nzeyimana kwa sauti ya mdai haki.

"Muzee, ukijibu vizuri, mashine inakuletea gumu zaidi. Ukikosa, inakuletea jepesi. Inatafuta tu kina ambacho miguu yako inagusa chini."

Gasana akamgeukia Kaliza polepole. "Kwa hiyo huyu aliyelia kwa ugumu?"

"Huyo alikuwa anapanda."

"Na huyu aliyepiga mluzi?"

"Alikuwa anashuka," alisema Mukunde kwa upole. "Ameshuka mpaka kwenye machungwa. Swali hilo fundi aliliweka siku ya kufunga mashine, aone kama kioo kinawaka. Tangu chuo kianze kutumia kompyuta, hakuna mtahiniwa aliyewahi kufika huko."

Gasana alifungua droo, akatoa funguo za stoo, akaziweka mbele ya Kaliza. Kaliza alizichukua kwa mikono miwili, akiinamisha macho ili asimtazame mzee.

Nzeyimana akaisogelea simu, angalau aokoe chochote kilichobaki.

"Sawa, dada. Lakini hilo la machungwa andika hapo kwamba nililimaliza."

Vidole vikasikika tena kwenye kompyuta.

"Hilo nalo umelikosa, muzee."

Gasana akavua miwani. "Nzeyimana. Matatu na mawili?"

Nzeyimana akanyoosha kola yake, akasimama wima kama mtu anayekataa kudanganywa mpaka siku ya kiyama.

"Bosi, mimi nimemaliza mitihani arobaini na moja. Swali la mwisho likiwa jepesi, jua ni mtego. Nikabonyeza sita."