Boti Yenye Usukani

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Boti yetu ya mbao imekufa rasmi. Asubuhi nilikanyaga ubao wa chini, mguu ukapita moja kwa moja. Nikasimama hivyo, mguu mmoja ndani ya boti, mwingine ziwani. Shemeji, kaka wa mke wangu, ambaye nimevua naye miaka tisa, alisema ndiyo maana alinikataza kuvaa buti. Pole hakunipa.

Jioni kikao sebuleni: mimi, shemeji na mke wangu. Tumekubaliana boti mpya iwe ya alumini. Haiozi, haitaki kuzibwa nyufa kila mara, na watu wawili wanaibeba bila kuumwa viuno. Fedha ipo, na anaishika mke wangu, kwa hiyo hilo tuliache. Lililobaki ni kuchagua. Nikajitolea kuchagua mimi. Mke wangu akasema tutachagua sote, kwani yeye ndiye anayeuza samaki na ana haki ya kujua watafikaje nchi kavu.

Jumanne, tarehe 5 Machi

Tumekwenda yadi ya boti. Ziko mbili zinazotufaa kwa urefu.

Ya kwanza ina kitako bapa, pana, wazi kabisa, haina chochote ndani. Sinia la kuokea mikate, ila kubwa.

Ya pili! Pua imechongoka. Kioo mbele. Kiti kinachozunguka. Na usukani. Nimekaa, nimeushika, nimezunguka na kiti mara mbili. Miaka tisa nimekaa katikati ya boti nikichota maji kwa kopo la rangi, huku shemeji ameshika mkono wa injini kule nyuma, anatazama mbali kama mtu anayepigwa picha. Muuzaji, mtu mnene mwenye kalamu tatu mfukoni, aliniita nahodha. Ana jicho la kuwatambua watu.

Shemeji hakukaa popote. Aliuliza unene wa bati. Aliuliza kama viungo vimechomelewa au vimepigwa misumari ya ribiti. Akazunguka akigonga kwa kifundo cha kidole, sikio limeinama, kama daktari wa kifua. Amelipenda sinia.

Jumatano, tarehe 6 Machi

Nimebuni jambo. Nimesogeza makochi na kuchora boti zote mbili sakafuni kwa chaki, ili familia ione kwa macho. Sinia nimelipunguza hatua moja. Mkono uliteleza.

Mke wangu alikuja na beseni zake za samaki na wavu wa kweli. Akaingia kwenye boti yenye pua, akauliza wavu utalala wapi. Nikasema nyuma. Akasema nyuma kuna injini. Nikasema basi mbele. Mbele kuna kioo. Alisimama na beseni kiunoni akitazama lile duara la chaki, yaani kiti changu. Kisha akauliza kwa upole kama samaki ndio watakaokaa hapo na mimi nisimame.

Shemeji, ambaye hakualikwa, alifika na futi ya kupimia. Akapima sinia, akanitazama. Akalichora upya. Limepita mlango wa jikoni hadi karibu na jiko. Mimi ndiye niliyepiga deki.

Alhamisi, tarehe 7 Machi

Nimekwenda yadini peke yangu. Nimemwomba muuzaji amwambie shemeji kwamba lile sinia lina mtu, limeshawekwa kando. Akakubali bila kusita. Mtu wa kazi.

Ijumaa, tarehe 8 Machi

Muuzaji alisema kama tulivyopanga. Matokeo sikuyapanga. Mke wangu kasema kama kuna mwingine anayeitaka, basi ni boti nzuri, na tusiiache. Shemeji amekwenda yadini akaingia ndani ya sinia na kuketi. Amekaa humo tangu saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri, amekunja mikono. Wateja wanampita, yeye anawasalimia. Mke wangu kampelekea chakula humo humo. Muuzaji alinipigia simu akilalamika kwamba anafagia yadi kwa kumzunguka mtu.

Imebidi aseme yule mteja ameghairi. Kesho boti zote mbili zinajaribiwa majini. Vizuri. Majini ndiko pua inakojulikana.

Jumamosi, tarehe 9 Machi

Naandika nikiwa nimejifunika mablanketi mawili.

Tulianza na sinia. Mke wangu alikuwa kwenye gati, akatoa amri: tujaze wavu mawe, mimi na shemeji tusimame upande mmoja, tuuvute. Tukavuta. Boti ikainama kidogo, ikatulia. Nikarukaruka kidogo, kwa siri. Ikatulia vilevile. Shemeji akaniuliza kama nina haja ndogo.

Kisha zamu yangu, wavu na mawe yake tukauhamishia kwenye boti yenye pua. Nilishika usukani dakika tano, na dakika hizo sitazisahau. Maji yalipasuka pande zote mbili. Muuzaji alipunga mkono. Hata shemeji, aliyekuwa ameng'ang'ania ukingo, nilimwona kama anatabasamu, au meno yalikuwa yanagongana.

Mke wangu akapaza sauti kutoka kwenye gati: sasa vuteni wavu. Nikazima injini, tukaushusha wavu, nikasimama ukingoni kwa madaha ya nahodha. Shemeji akaja upande wangu kunisaidia. Boti ikainama. Nikangoja itulie. Haikutulia.

Najua kuogelea. Lakini wavu ulinizunguka mguu, na mawe yalikuwa ndani ya wavu. Nilizama hadi kichwa kikapotea, nikaibuka, nikazama tena. Shemeji hajui kuogelea. Miaka tisa ziwani na hajawahi kulowa kupita magoti, maji anayaogopa na sote tunajua. Alilala kifudifudi ukingoni, kichwa na mabega yake yako nje juu ya maji, akanikamata ukosi wa shati.

"Usiniachie, ndugu yangu," alikuwa akisema. "Usiniachie."

Sijawahi kumsikia akiniita hivyo. Hakuachia hadi nikautoa mguu. Tulipofika gati tulimkuta mke wangu amesimama majini, maji yako kiunoni, beseni bado mkononi. Hakuna aliyecheka, hata muuzaji.

Alinikalisha, akanifuta uso kwa mtandio wake. Nilitarajia ugomvi. Akasema taratibu:

"Mimi sina haja na nahodha. Nataka boti itakayokurudisha nyumbani."

Nikasema sawa. Nikasema lile sinia ni boti nzuri. Nilimaanisha.

(Ingawa ukosi wa shati umechanika, na mtu anaweza kuokolewa kwa kushikwa kwapani.)

Jumanne, tarehe 12 Machi

Tumenunua sinia. Leo tumevua nalo mara ya kwanza. Tumesimama wote wawili upande mmoja na wavu umejaa, halikushtuka. Beseni za mke wangu zilijaa zote, akaazima ya jirani.

Tatizo moja. Sinia halivuji. Nilikaa katikati na kopo langu la rangi, sina cha kuchota. Shemeji aliniona. Akasogea, akaniambia nije nyuma nishike injini. Nikamuuliza kwa nini leo. Akasema bega lake linamuuma tangu mwaka wetu wa pili ziwani, na siku zote alingoja niombe.

Miaka tisa. Ningeomba tu.

Nimelirudisha sinia nyumbani kwa mkono wangu mwenyewe. Nilitazama mbali. Nimeapa: kuanzia leo nikitaka kitu nitakisema waziwazi kwa shemeji na kwa mke wangu. Hila basi.

Alhamisi, tarehe 14 Machi

Nilipita yadini kununua kamba tu. Muuzaji akanionyesha mashine yenye kioo kidogo inayoonyesha samaki walipo chini ya maji. Samaki wanaonekana kama alama za kijani. Inafungwa karibu kabisa na mshika injini. Ina vitufe sita na inalia.

Nikisema nyumbani wataanza kuuliza maswali. Kwa hiyo tumeelewana: muuzaji atampigia mke wangu simu aseme mashine ni sehemu ya ile boti, ilisahauliwa yadini, na kilichobaki ni kumalizia hesabu ndogo tu. Yeye mwenyewe hataona haja ya kumuuliza kaka yake.

Muuzaji amekubali kabla sijamaliza kueleza. Safari hii sioni pa kuharibikia.