Barua kwa Panya wa Nyumba Yangu

Jumamosi, 20 Januari 1962

Nimekubaliwa nusu. Bi Mwanarusi wa Timbwani, yule anayesomesha watoto Kurani barazani kwake, ameleta jibu la posa yangu. Binti wa nduguye, Kuluthum, mjane, mwenye mkono mzuri wa mapishi, hana neno nami. Ila kwanza Bi Mwanarusi mwenyewe atakuja kuiona nyumba. Atakuja Jumapili ya mwisho kabla ya Ramadhani, watu wakivunja jungu, ile karamu ya kuukaribisha mfungo.

Aone nini? Nyumba ya mawe, ya tangu babu yangu. Majirani wote wanakaa kwenye udongo.

Sharti ni moja: pasiwe na panya. Kwa marehemu mumewe, panya walimtafuna Kuluthum kidole cha mguu amelala, na ameapa hatalala tena nyumba yenye panya hata ikiwa ya dhahabu. Nami nikaapa, wallahi, kwangu hakuna hata mmoja. Panya ni wa watu wachafu.

Niandike na ukweli, maana hapa hasomi mtu. Ramadhani nne nimefuturu peke yangu, kwa tende tatu na maji ya mtungi, nikisikia vijiko vya jirani. Ya tano sitaki. Naogopa kuizoea hali hii.

Jumatatu, 22 Januari

Boga alikuja kurudisha ngazi. Boga ni jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, makuti ya paa lake yanagusa yangu. Mkulima wa mihogo, mjane kama nilivyo mseja, nyumba ya udongo ya vyumba viwili. Ukoo wake sijui, na sijaona haja ya kuuliza.

Hakukaribishwa chumbani, lakini aliinama akachungulia uvunguni. Pale nimeweka akiba yangu: makanda manane ya ukili yaliyojaa tende, na magunia mawili ya ngano. Nimeyanunua mapema. Ramadhani ikiingia, wote wanaonipita bila salamu watakuja kununua, wabishe hodi kwa adabu.

Boga akasema nina panya, tena wengi. Nikacheka. Akanionyesha vipunje vyeusi sakafuni akasema ni mavi yao. Nikamwambia ni habasoda, ile dawa ya mbegu ya marehemu mama, ilimwagika. Akauliza mama amefariki lini. Nikamjibu miaka minne, na habasoda njema haiharibiki. Akanionyesha ile michirizi myeusi chini ya ukuta, kwenye chokaa, akasema ni mafuta ya manyoya yao wanapopita njia ile ile kila siku. Akaokota sabuni yangu, ina meno. Akanusa hewa, akasema hata harufu inatosha.

Ushauri wake nauandika ili siku moja nimcheke vizuri. Nitoe tende zote uvunguni nizitie kwenye madebe yenye vifuniko. Niyazibe matundu kwa vigae na saruji. Nikate makuti yanayogusana. Kisha niweke mitego kando ya ukuta. Yaani mimi, karani wa bandari ya Kipevu, nibebe madebe! Na tende ndani ya debe nani ataziona azitamani?

Jumatano, 24 Januari

Nakubali kwamba huenda wapo wawili watatu. Wageni, bila shaka, kutoka kwa Boga.

Nilinunua mtego mmoja wa waya, nikautegea kipande cha ng'onda, samaki mkavu, nikauweka katikati ya chumba. Boga alisema kando ya ukuta, ndipo wapitapo. Basi kwa sababu alisema yeye, nikauweka katikati. Alfajiri nimeamka kwenda kutawadha. Mtego umefanya kazi yake barabara. Kidole gumba cha mguu wa kulia.

Kwenye kivuko nilisimama kwa mguu mmoja hadi ng'ambo. Makarani wenzangu nikawaambia nimeangukiwa na kreti kazini. Wakaniambia jana sikuwa kazini. Watu wa Kipevu wana kumbukumbu ya kipuuzi.

Ng'onda haikuonekana. Waliila huku mimi napiga kelele.

Ijumaa, 26 Januari

Nimeazima paka wa Boga. Sikumwambia sababu. Nilisema tu kwamba mtu wa asili hupenda wanyama. Boga akanitazama, akanipa paka, akaniomba nisimpe chakula.

Nilimfungia chumbani nikaenda kuswali Ijumaa. Kurudi, paka amelala juu ya kanda la tende, tumbo juu, na ng'onda yote niliyotundika ukutani imekwisha. Panya mmoja alipita mbele yangu, mchana kweupe, bila haraka. Paka akafungua jicho moja akalifumba. Kisha akapanda ukutani, akapita juu ya makuti, akaenda zake kwao. Paka na bwana wake, tabia moja.

Nimefungua kanda moja kuangalia. Limetobolewa chini. Nimeligeuza, tundu lisionekane.

Jumapili, 28 Januari

Nimepata dawa. Sijui kwa nini sikuikumbuka tangu mwanzo, maana bibi yangu akiifanya. Panya huandikiwa barua. Huamrishwa kwa maandishi wahame, hutajiwa nyumba ya kwenda, kisha barua huchomekwa kwenye paa la nyumba hiyo. Husomewa kwanza mlangoni mwa tundu lao ili wasije wakasingizia hawakuarifiwa.

Watu hupeleka kwa mwalimu kuandikiwa. Mimi wa nini kumpelekea mtu, na hati yangu inasifiwa tangu chuo cha Kurani? Nimekaa asubuhi nzima. Karatasi nzuri, wino mweusi, herufi za Kiarabu zilizonyooka. Bibi alikuwa akiandika maneno mawili tu, hameni mwende. Fikira fupi. Panya atajuaje kama ni yeye anayeambiwa? Barua ya heshima hutaja nani anaandika, anamwandikia nani, na wapi. Nimeanza kwa Bismillahi, kisha:

"Kwa panya wote, wakubwa kwa wadogo, wasiopungua arubaini, wanaokaa uvunguni kwa Mahfudh bin Yeslam bin Aqil, karani, mwenye nyumba ya mawe, Likoni. Mmekula tende zake na ngano yake na sabuni yake, na sasa anatarajia mke. Mnaamrishwa mtoke kabla ya Jumapili ijayo, mwende kwa jirani Boga, mtu asiye na ukoo, atakayefurahi kupata wageni."

Nimewasomea mara tatu, nimepiga magoti, sauti ya wastani. Boga alipokwenda shambani nikaweka ngazi, nikaichomeka barua ndani ya makuti yake. Nimeshuka nikijisikia kijana.

Jumatano, 31 Januari

Inafanya kazi! Jana kutwa kimya. Leo nimesikia vishindo vitatu tu, navyo bila shaka ni vya wanaofunga mizigo.

Boga yuko juu ya paa lake tangu asubuhi, anang'oa makuti mabovu. Kila mwaka anabadilisha kabla ya Ramadhani. Mtu ana nyumba ya udongo na anaipamba kama ana wa kumwonyesha.

Jumapili, 4 Februari

Niandike upesi.

Nilifukiza ubani chumba kizima. Makanda na magunia niliyavuta ukutani, nikatandika juu mkeka mpya na mito miwili, yakawa kiti cha mgeni. Michirizi nikaipaka chokaa. Kanzu nilipiga pasi mwenyewe.

Bi Mwanarusi akaja baada ya alasiri. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akakaa juu ya kiti changu cha tende. Akasifu ubani. Akauliza kama kwangu kuna panya. Nikaapa mara ya pili. Wakati huo huo mto aliokalia ukainuka kidogo upande wa kushoto, ukashuka. Akahamia kulia. Ukainuka kulia. Akakunja miguu.

Kisha akatoa karatasi ndani ya buibui lake. Akanieleza kwa upole. Boga alikuwa akibadilisha makuti, ikamwangukia. Akaona Bismillahi, basi hakusoma zaidi, maana barua si yake, wala hakuitupa, maana jina la Mungu halikanyagwi. Alitawadha, akaichukua kwa mikono miwili hadi Timbwani, kwa kuwa Bi Mwanarusi ana mfuko pale chuoni anamokusanya kurasa chakavu zenye maandishi matukufu, azizike pahali safi.

Akasema macho yake yamechoka, na kwa kuwa hati ni nzuri sana, angependa nimsomee.

Bismillahi niliisoma vizuri. "Kwa panya wote" nikaisoma taratibu. Nikafika kwenye idadi nikakohoa. Akasema niendelee, nisiruke. Nikasoma jina langu, la baba, la babu, na kazi yangu. Nikasoma tende, ngano na sabuni. Nilipofika "anatarajia mke" nikaanza kuikunja karatasi, akanimalizia yeye, bila kutazama karatasi. Ameikariri.

Akasimama. Akasema Kuluthum amenisalimia. Akasema kama ningesema kweli, wangekuja wanawake watano na mafagio, ikaisha siku moja, maana panya huondoka. Mtu anayeapa uongo akiwa amekalia ushahidi, huyo yeye Bi Mwanarusi hajui atamwondoaje.

Kisha akaingia kwa Boga kumshukuru kwa adabu yake juu ya karatasi ile. Nilidhani atakaa kidogo. Alikaa mpaka magharibi. Kupitia dirishani nilimsikia akisifu madebe.

Jumatano, 7 Februari

Mfungo wa kwanza. Mwezi ulionekana jana.

Magharibi niliketi na tende tatu. Mbili zilikuwa na meno. Mlango wangu ulipitwa na sinia kubwa lililofunikwa kwa kawa, likitoka Timbwani, likaingia kwa Boga. Nilinusa viazi vya nazi, kaimati, na samaki wa kupaka. Sikulia. Macho yaliwasha kwa sababu ya chokaa.

Baadaye kidogo Boga akabisha, ameniletea bakuli la uji na kaimati sita. Nikamwambia zimezidi sukari. Nilizila zote, sita, nimesimama nyuma ya mlango.

Makanda hayauziki. Aliyekuja kununua alikuwa mmoja tu, akafungua, akafunga, akanipa pole.

Jumapili, 11 Februari

Boga amekuja tena, safari hii ana haya. Anataka kupeleka posa ya Kuluthum kwa Bi Mwanarusi, harusi baada ya Idi. Anasema hati yake mbaya na barua kama hiyo yataka hati nzuri. Ameniomba mimi nimwandikie. Nilimtazama usoni nione kama ananicheza. Hakuwa ananicheza, na hilo ndilo lililoniuma.

Nimeandika. Nzuri mno, atakubaliwa kwa ajili ya herufi zangu. Nilipouliza nasaba yake niijaze, akanitajia mababu saba bila kusita. Mimi nawajua watatu.

Nimekaa kuyatafakari haya yote kwa utulivu, na kosa nimeliona. Barua yangu kwa panya ilikuwa fupi. Mababu wawili tu! Panya gani atamheshimu mtu wa mababu wawili? Kesho nitawauliza wazee nipate wanane, niandike upya, na safari hii nitaichomeka kwenye paa la Bi Mwanarusi.

Tende mpya za Idi zimefika bandarini. Nimechukua makanda kumi. Uvunguni kuna nafasi, maana yale ya zamani yamepungua yenyewe.