Kibao cha Mwandishi wa Al Wukair

Umma unatangaziwa kwamba Waafrika Mashariki wa Doha sasa wana Kamati ya Kutambua Makazi na Vijiwe vya Waandishi. Katibu ni mimi. Mhuri ninao, wino umeagizwa.

Tulianza kwa kasi. Tulikagua ngazi za jengo moja Al Mansoura, ambako Kevin, dereva, hutunga mashairi kwa sababu WiFi ya jirani inafika hapo tu. Tukazikataa, ngazi si makazi wala kijiwe. Tukaenda mkahawa mmoja Fereej Bin Mahmoud, ambako Edith, nesi, huandika hadithi saa tatu nzima kwa kikombe kimoja cha chai ya karak. Mwenye mkahawa akatuomba tumwondoe. Kifungu cha kuondoa waandishi hatukuwa nacho.

Hatimaye Mwenyekiti wetu, Mheshimiwa Fabian, akalipendekeza jina lake mwenyewe. Alikuwa akiandika kitabu cha maisha yake katika vila yake Al Wukair. Kibao kikachapwa siku hiyo hiyo: HAPA NDIPO FABIAN ALIPOANDIKA KITABU. Lakini kanuni, ambayo aliitunga yeye, inadai ushahidi kwamba mtajwa aliandika mwenyewe, na hapo hapo. Tukaenda langoni kuomba daftari la wageni kwa Laban, mlinzi.

Kila Ijumaa ilikuwa na mstari mmoja: "Daisy, karani, Al Mansoura. Kazi: kumwandikia bosi kitabu. Kaingia saa nane, katoka saa mbili."

"Laban," Mwenyekiti akasema, "ng'oa hizo kurasa."

"Kurasa zina namba, mkubwa. Nikitoa moja, na mimi natolewa."

"Usipotoa utatolewa vilevile. Nampigia supavaiza wako."

Laban ana watoto wawili Kakamega, na mkataba wake ulikuwa unaisha mwezi huo. Nilimhurumia sana, ila huruma haikuwa kwenye ajenda.

"Basi mpigie," akasema, akilifunga daftari. "Mimi sing'oi."

Supavaiza, Bwana Njenga, alifika siku ya uzinduzi wa kibao, wageni wameshaketi. Mwenyekiti akamshtaki Laban mbele ya kadamnasi kwamba anaandika uongo. Njenga akavaa miwani, akapitisha kidole mstari kwa mstari.

"Kila mgeni husainiwa na mwenyeji wake. Sahihi hii ni ya nani?"

"Yangu. Lakini mimi husaini bila kusoma."

"Wiki thelathini na moja?"

"Ala! Kumbe!" Edith akapaza sauti kutoka nyuma, na watu wakaangua kicheko.

"Laban anabaki," Njenga akasema. "Mkataba mpya nitauleta Jumapili."

Laban akajifuta macho kwa kofia yake ya kazi, wala hakujificha. Hapo nikaleta hoja ya marekebisho, kwa mujibu wa kanuni. Ikapita kura nne kwa moja. Nikabandika karatasi juu ya jina FABIAN, nikaandika DAISY kwa herufi kubwa, na kibao kikapigwa misumari kwenye lango la Mwenyekiti.

Daisy mwenyewe alikuwa ameketi pembeni, laptop mapajani, vidole vinakimbia. Mwenyekiti akamwendea, akainama mpaka tai ikagusa magoti yake mwenyewe.

"Dada Daisy, tafadhali. Ya leo usiyaandike."

"Nishayaandika, bosi," Daisy akasema bila kuinua kichwa. "Sasa ndiyo sura ya kwanza."