Kitone Chekundu Mtoni

Jumatatu, 3 Machi
Udhalimu! Kampuni imetugawia simu mpya sisi wauzaji magodoro. Niliipokea kwa mikono miwili, kumbe kitanzi. Ndani mna programu inayomwonyesha meneja tulipo, kila mtu kitone chekundu kwenye ramani. Haifutiki. Meneja, mama asiyecheka hata akitekenywa, aliniuliza mbele ya wote kwa nini kitone changu kilikaa nyumbani hadi adhuhuri. Nikasema nilikuwa nikijaribu ubora wa bidhaa. Aliyecheka kuliko wote ni Kiwembe, muuzaji mwenzangu, anayewahi kazini utadhani analipwa kwa kuamka.

Jumanne, 4 Machi
Dawa imepatikana! Fundi simu wa mtaani kasema simu huweza kurutiwa: unavunja kufuli la watengenezaji, unaimiliki hadi mzizi, unaiamuru hata idanganye ilipo. Lakini ukikosea, inageuka tofali. Na mwajiri akijua, kazi huna. Yeye kakataa kuigusa. Mwoga! Nitairuti mwenyewe. Kazi ya mikono haijawahi kunishinda, isipokuwa ile pasi ya mke wangu. Na feni.

Jumatano, 5 Machi
Nimejifungia chumbani na kompyuta ya kuazima. Simu ikazima. Ikawaka. Ikazima tena, kimya kama maiti. Jasho hadi nyayoni. Mke wangu akagonga, akauliza mbona nahema. Nikasema nasali. Akasema basi niiombee na pasi.
Imewaka! Kila kitu kimefutika, ila mzizi ni wangu. Nikairudisha programu ya meneja kwa mkono wangu. Pingu, lakini za karatasi.

Alhamisi, 6 Machi
Naandika nikitetemeka, blanketi begani.
Asubuhi nilikipeleka kitone kwa wateja, mimi nikalala. Nilipoamka, simu imeganda! Kidole kiliteleza kabla ya usingizi: kitone kipo katikati ya mto, chini ya daraja. Haipokei, haipigi. Mara jirani anapiga kelele uani kwamba meneja na watu wa kampuni wapo darajani wanatafuta maiti yangu, na mke wangu katoka kazini kwake kakimbilia huko pekupeku.
Nikisema kweli, kazi imekwenda. Nikitokea mkavu, maswali. Nikavaa shati la kazi, nikapita vichakani hadi mtoni, mbali kidogo kabla ya daraja, nikaingia majini nilowe tu. Mwisho magotini, niliapa. Tope halikusikia kiapo. Mto ukanibeba.
Mimi siogelei!
Nikapiga mayowe ya kweli, kwa mara ya kwanza wiki hii. Maji puani, maji masikioni. Juu darajani mtu akasema, “Yule pale!” Aliyejitosa ni Kiwembe, na viatu vyake. Akanikamata ukosi. “Tulia, mjinga wewe, tutakufa wote!” Sijawahi kumtii mtu hivyo.
Ukingoni mke wangu alinikumbatia, analia hadi anakwama pumzi. Kisha akanitazama chini. Akauliza polepole mbona nimevaa suruali ya kulalia.
Meneja naye akatazama. Kila mtu akatazama.

Ijumaa, 7 Machi
Nimefukuzwa. Simu ilikaguliwa, mzizi ukaonekana. Kiwembe kapandishwa cheo. Nilimpa mkono, akaniambia nijifunze kuogelea. Jeuri!
Jioni mke wangu, akikunja nguo, alisema bila kunitazama kwamba pale darajani alikuwa mjane, na hataki kuuonja ujane tena. Nikapiga magoti. Nikaapa sitagusa tena simu ya mtu. Nililia, na sikuwa naigiza.

Jumatatu, 10 Machi
Mke wangu kaenda kazini, simu yake kaisahau mezani. Maskini, nzito kama kobe! Nimewaza wikendi nzima na kosa langu nimeliona: kebo ya kuunganishia simu na kompyuta. Ilikuwa kebo mbovu. Hii ya leo ni mpya. Akirudi atakuta simu inapaa, na moyo wake utalainika.
Imezima.
Sasa hivi itawaka.